Ngumi Tatu za Mlima

Januari hiyo baridi ya Minnesota ilishuka hadi digrii thelathini chini ya sifuri, na Arlys Tveit akaiteka meza ya kulia chakula. Tangu siku hiyo yeye na mumewe, Orlin, wakawa wanakula wamesimama jikoni kama wapita njia, kwa sababu mezani kulikuwa na Alaska. Ilikuwa ramani nzima, ukingo hadi ukingo, na juu yake pini na nyuzi: nyekundu ya treni, kijani ya basi, buluu ya meli.

Arlys hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na mmoja alipanga ratiba ya mabasi ya shule ya wilaya yao, mabasi arobaini kwenye barabara za theluji, na hakuna mtoto hata mmoja aliyesahaulika kituoni. Mji mzima ulilijua hilo, ingawa kwa desturi ya watu wa kule hakuna aliyewahi kumsifu mbele yake. Orlin naye hakuwahi. Alimwangalia tu akichomeka pini, akajisemea moyoni kwamba ameoa jenerali.

Alimwangalia kwa pembeni, maana ndivyo alivyoangalia kila kitu siku hizo. Tangu majani yalipopukutika, katikati ya macho yake kulikuwa na doa la kijivu. Akimtazama mtu usoni, uso ulipotea, masikio yakabaki. Daktari wa macho wa mji wa Fargo alimwambia wazi kwamba doa litakua, na kama kuna kitu anataka kukiona, akione kiangazi kijacho.

Orlin alikijua kitu chenyewe. Katika zizi la baba yake ilitundikwa kalenda ya duka la chakula cha ng'ombe, ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka tena, yenye picha ya Denali, mlima mweupe wa Alaska. Kwa miaka hamsini alikamua asubuhi na jioni huku akiitazama picha ile, na ng'ombe hawatoi likizo. Sasa ng'ombe walikuwa wameuzwa, na macho nayo yalikuwa yanaaga. Meli, nyangumi, barafu inayoporomoka baharini, yote hayo aliyataka pia, lakini kama mtu anavyotaka kachumbari kando ya wali. Wali ulikuwa mlima.

Jumamosi moja akaja Delmar, kaka yake Arlys, ambaye alisafiri kwa meli ya watalii ya Alaska mara moja, miaka kumi iliyopita, na tangu hapo hajapumzika kuwa mtaalamu.

"Keki, kaka?" Arlys alimwuliza.

"Aa, nimeshiba."

"Chukua bwana."

"Hapana, kweli kabisa."

"Delmar, chukua keki."

"Haya, kipande kidogo tu," Delmar akasema, akachukua kikubwa.

Ndivyo ilivyo kwao. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, anayekaribisha mara moja tu hakuwa na nia. Mara mbili unakataa, ya tatu unapokea, na mtoto wa kule hulijua hilo kabla hajajua kufunga viatu.

"Umepanga kinyumenyume, dada," Delmar alisema akiinamia ramani. "Meli kwanza. Mnakula, mnalala, mnazoea. Nchi kavu baadaye."

"Nchi kavu ni kuamka alfajiri, mizigo mlangoni, treni, basi," Arlys akajibu. "Kazi kwanza. Meli ndiyo itatupumzisha."

"Na hizi siku tano hapa mlimani? Mimi nilikaa mbili nikaona wingu. Wingu zuri, sikatai. Lakini mlima ule, katika siku tatu, mbili umejifunika."

"Ndiyo maana nimeweka tano."

"Tano! Shemeji, mkeo anakupeleka kutazama mawingu!"

Orlin alicheka kidogo. Arlys hakucheka. Alichomoa pini, akaishika mbele ya pua ya kaka yake.

"Meli ina ratiba. Treni ina ratiba. Hata lile handaki la kuingilia bandarini Whittier, linalopitisha magari na treni kwa zamu, lina ratiba, na ninayo. Mlima hauna. Kwenye mabasi, kisicho na ratiba unakipangia kwanza. Vingine vitajipanga nyuma yake."

Delmar akaomba kahawa. Orlin aliona fahari mpaka akaona haya, akaenda kuwasha jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Kuna jambo moja tu lililomkera. Kila Jumapili baada ya ibada, Arlys alimsimamisha barabarani, upepo ukiwachapa, wakitazama ghala kubwa la nafaka lililo mwisho wa mji.

"Nyoosha mkono. Kunja ngumi. Ghala lina upana wa ngumi ngapi?"

"Moja hivi."

"Unaliona?"

"Naona mbingu huku na mbingu huku. Katikati uji."

Arlys aliandika kwenye daftari, akamshika mkono, wakasogea hatua mia tatu. "Na sasa? Ngumi ngapi?"

"Mke wangu, unanipima kama ndama wa maonyesho!"

"Ndama hawasemi sana hivyo. Ngumi ngapi?"

Mwezi Machi, baada ya Jumapili moja ya namna hiyo, Arlys alipiga simu akafuta hoteli waliyokuwa wamepanga, ile wanayofikia watu wote, akachukua nyingine upande wa kusini, karibu na mto. Delmar alisikitika kama aliyefiwa.

"Huko kuna nini? Hakuna hata duka la kofia!"

"Kuna baraza," Arlys akasema, akafunga daftari.

Juni ilipofika wakaenda, na kila kitu kikafuata nyuzi za Arlys kama maji yanavyofuata mfereji. Ndege haikuchelewa, treni iliwapa viti vya upande wa kushoto, kama alivyotaka, na sanduku lao lilifika chumbani kabla yao. Orlin aliwaona wenzao wa safari wakikimbia huku na huku na karatasi mkononi, akajisikia kama mtu aliyebebwa mgongoni.

Basi likawashusha hotelini. Arlys alibaki nje kuhesabu mizigo, Orlin akaingia mapokezi kuchukua funguo. Dada wa mapokezi aliitwa Marisol, na chini ya jina kifuani pake paliandikwa anakotoka: Texas.

"Karibuni sana!" alisema. "Tuna orodha ya mlima hapa. Mlima ukijitokeza, saa yoyote ile, hata alfajiri, tunapiga simu chumbani kuwaamsha. Niwaandike?"

"Aa, hapana, msijisumbue," Orlin alisema.

Akasubiri.

Marisol alitabasamu, akampa funguo, akamgeukia aliyefuata. Orlin alisimama pale dakika nzima na kofia mkononi, akingoja mara ya pili, ambayo angeikataa vilevile, na ya tatu, ambayo angeipokea kwa moyo wote. Hazikuja. Kurudi kuomba alichokwisha kukataa ni jambo ambalo ukoo wa Tveit haukuwahi kulifanya. Arlys alipouliza kama kila kitu ni sawa, alisema ni sawa.

Siku ya kwanza ilikuwa wingu. Ya pili wingu na mvua. Ya tatu wingu. Baraza ya mbao ya hoteli ilitazama bonde pana, na mwisho wa bonde palikuwa na pazia la kijivu ambalo hata mwenye macho mazima asingelipenya. Arlys hakuhangaika. "Ndiyo maana ni tano," alisema, akafuma soksi.

Siku ya nne, wakiwa kwenye kifungua kinywa, mzee mmoja kutoka Ohio alivuta kiti mezani kwao huku uso ukimwaka.

"Mmeuona? Saa kumi na moja kamili alfajiri! Dakika ishirini, mlima mtupu, hakuna hata kijiwingu! Watu wazima wamelia, nawaambieni."

"Simu yetu haikulia," Arlys akasema polepole.

"Haikulia? Basi hamkujiandikisha!"

Orlin alikitazama kikombe chake, na kikombe kikapotea ndani ya doa. Mzee wa Ohio alipoondoka, akamwambia mkewe yote.

"Alikuuliza mara ngapi?" Arlys akauliza.

"Mara moja."

"Ukakataa?"

"Nilidhani atarudia."

"Orlin! Yule ni mtu wa Texas! Watu wa Texas ukiwaambia hapana wanadhani umesema hapana!" Sauti yake ilipanda mpaka meza ya jirani wakageuka. "Siku nne umekaa na jambo hili kifuani! Mficha maradhi kifo humuumbua, hukufundishwa?"

"Niliona aibu."

Arlys alitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua, akalifunga tena. Orlin alimfahamu kwa miaka arobaini na tisa, na hakuwahi kuona mikono yake ikikosa la kufanya. Hilo lilimuuma kuliko ukali wake wote.

"Nimehesabu handaki," alisema. "Nimehesabu mvua, nimehesabu mbu. Wewe sikukuhesabu."

Palibaki asubuhi moja. Wakaenda mapokezi pamoja, Arlys mbele, na akaeleza jambo lenyewe bila kumsema mumewe vibaya.

"Jamani, poleni!" Marisol alisema, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. "Niwaweke juu kabisa ya orodha? Nitawapigia mimi mwenyewe."

"Aa, hapana, usijisu..." Arlys alianza, halafu akajiziba mdomo kwa kiganja. Jenerali mzima, aliyepanga hadi zamu za handaki, na ulimi wake umemsaliti palepale alipoanguka mumewe.

Orlin aliona tu masikio ya mkewe yakiwa mekundu. Akamvuta nyuma taratibu, akasogea mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Tuandike, mwanangu," alisema. "Juu kabisa. Tusiposikia simu, uje ugonge. Tusipofungua, uvunje."

Kwa miaka sabini na minne hakuwahi kuomba mambo mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, na shingo ilimwaka. Marisol akaandika, akapigia mstari mara mbili.

Simu ililia saa kumi na dakika arobaini. Nje kulikuwa kweupe, kama kawaida ya Juni kule. Walitoka wamevaa makoti juu ya nguo za kulalia, na kwenye baraza tayari palikuwa na watu kama thelathini, wote kimya. Kimya kile kilimtosha Orlin kujua kuwa mlima uko wazi.

Akaukazia macho moja kwa moja. Akaona uji.

Alipepesa, akakazia tena. Uji wa kijivu na ukingo wa mbingu. Karibu naye mwanamke alikuwa akilia kwa furaha, na Orlin akashikwa na hofu ambayo hakuisikia hata kwa daktari wa Fargo. Wamefika. Umejitokeza. Na yeye amechelewa.

"Arlys, siuoni."

"Unautazama?"

"Si ndiyo nautazama!"

"Basi acha kuutazama." Alimshika mabega kwa nyuma, akamgeuza kidogo. "Kule mwisho kushoto kuna msonobari mmoja uko peke yake. Tazama huo. Usihamishe macho."

"Sikuja Alaska kutazama msonobari!"

"Orlin, nisikilize. Ghala likiwa ngumi moja ulilipoteza lote. Likifika ngumi mbili na nusu, ukitazama mti wa pembeni, ulikuwa unaliona. Nimepima majira ya baridi yote. Kwenye hoteli ya kwanza mlima ni mdogo, ungetumbukia wote kwenye doa. Hapa, pamoja na vilele vya jirani yake, ni ngumi tatu. Nilimpigia simu mpishi wa hapa akatoka barazani akapima kwa mkono wake. Tazama mti."

Orlin akautazama mti. Na kutoka upande wa kulia, bila kuitwa, mlima ukaingia. Kwanza bega, jeupe lenye waridi la jua jipya, halafu mgongo, halafu vilele, kimoja nyuma ya kingine, mpaka mbingu upande ule ikaisha. Haukuwa na mikunjo ile midogo ya kwenye kalenda. Ulikuwa mkubwa tu, na ulikuwa pale, na yeye alikuwa anauona.

Alitaka kumwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia, na la ajabu ni kwamba alilisema.

"Hakuna mtu kama wewe," alisema. "Hakuna, Arlys. Ningekuambia siku nyingi."

Arlys alikuwa amehamia ubavuni pake, ameushikilia uso wa mumewe kwa macho, akitafuta dalili.

"Unauona kweli? Usinidanganye."

"Nauona. Kushoto una bega limeinama, kulia vilele viwili. Hebu geuka na wewe."

Ndipo Arlys alipogeuka. Katika muda wote ule hakuwa ameutazama hata mara moja. Alinyoosha mkono, akakunja ngumi, akafumba jicho, akapima kutoka ukingo hadi ukingo.

Marisol alipita na birika na vikombe. "Kahawa, wazee wangu?"

"Lete," Orlin akasema, kabla Marisol hajamaliza kuuliza.

"Mpishi alikosea," Arlys alisema, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Ni tatu na nusu."