Hadithi Isiyopindwa

Pale redioni watu walizoea kusema kwamba ukimtafuta Sindano, sikiliza Mama Mbinu anachekea wapi. Wanawake hao wawili waliandika mchezo wa redio wa kila Alhamisi jioni, ule uliosikilizwa saluni, gereji na majikoni. Walikuwa wameuandika pamoja kwa muda mrefu hata wenyewe hawakujua tena sentensi ipi ilikuwa ya nani.

Sindano alipewa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa tabia yake ya kuchomachoma maandishi ya watu. Mama Mbinu naye hakuwa na mtoto. Aliitwa hivyo kwa sababu kila kichwa kilipogoma, yeye alikuwa na mbinu ya kukiamsha.

Chumba chao kilikuwa mwisho wa ukumbi, jirani na stoo ya nyaya. Kilikuwa na dirisha lisilofunga, meza yenye karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja, birika la umeme, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi vya maneno. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu ya kwanza: unachomoa maneno mawili na kuyalazimisha yaoane. Siku moja walichomoa "jino" na "talaka", wakacheka mpaka fundi mitambo akaja kuuliza kuna nini. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamempata daktari wa meno anayemng'oa jino mume mpya wa mtalaka wake.

Kopo likikauka, waliandika bila kuinua kalamu mpaka birika lichemke, hata kama kinachotoka ni upuuzi mtupu. Au waligeuza mambo juu chini: aliyeibiwa ndiye awe mwizi, bibi harusi ndiye akimbiwe na wazazi wake. Au walikwenda kukaa kwenye foleni ya zahanati bila kuumwa, kusikiliza watu wanavyolalamika.

Yote hayo yakishindikana, kulikuwa na mchezo wao wa mwisho, walioupa jina la Sema Usichosema. Kila mmoja alitoa jambo la kweli ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kisha walilipinda. Mama Mbinu ndiye aliyeweka sharti.

"Cha kweli hakiendi hewani mpaka kipindwe mara tatu," alisema. "Badilisha mtu, badilisha mahali, badilisha mwisho. Mpaka mwenyewe akisikia asijijue."

Na kweli walilishika sharti hilo. Mama Mbinu aliwahi kukiri kwamba aliiba hereni za shangazi yake siku ya msiba. Ilipofika Alhamisi hereni zilikuwa viatu vya askari, msiba ulikuwa harusi, na mwizi alivirudisha mwenyewe. Shangazi alisikiliza, akausifu mchezo.

Basi mwaka mmoja wasikilizaji wakaanza kupungua. Stesheni nyingine ilileta mchezo wenye bastola na sumu kila wiki. Mkuu wa vipindi, mtu mpole asiyetoa kijiti cha meno mdomoni, aliingia chumbani kwao akakaa ukingoni mwa meza.

"Mama zangu, nataka kitu kitakachowafanya watu wasimamishe magari," alisema. "La sivyo, saa hiyo itapewa matangazo ya sabuni."

Siku kadhaa walichomoa maneno kwenye kopo, hakuna kilichooana na kingine. Birika lilichemka mara nyingi mno. Alasiri moja ya mvua Mama Mbinu alisukuma kopo pembeni, akavua viatu, akakunja miguu kitini.

"Sema usichosema," alisema. "Zamu yako."

Sindano aliweka kalamu chini. Alikuwa amechoka, mvua ilikuwa inapiga, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu aliyemshika mkono siku alipomzika mama yake. Akasema.

Nyumbani kwao walikuwa watatu: Dada Mkubwa, yeye, na mdogo wao wa kiume aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Kumbe hakuwa kitinda mimba wa mama yao. Alikuwa mtoto wa Dada Mkubwa, aliyepata mimba akiwa bado shuleni. Mama aliwaambia majirani kwamba mwenye mimba ni yeye, akawa anafunga mto tumboni chini ya kanga, na Dada Mkubwa akafungiwa chumba cha nyuma, eti ana kifua. Sindano alikuwa mdogo lakini walilala kitanda kimoja. Mama alimwapisha.

"Siku ya kutoka hospitali," Sindano alisimulia, "teksi ilipata pancha mbele ya kiwanda cha mbao. Mama akamlaza mtoto juu ya rundo la mbao, watu wakaja kumpongeza. Mpaka leo tunamtania Kitinda kwamba alizaliwa ubao. Lakini mimi nilikuwa namtazama dada. Alisimama pembeni na begi. Blauzi yake ilianza kulowa maziwa. Mama akamwendea akamwambia taratibu, bila kugeuza uso, 'Pakata begi kifuani.' Akalipakata mpaka tukafika nyumbani."

Mama Mbinu hakucheka wala hakuandika. Alimshika tu kiganja.

"Kitinda hajui?"

"Hajui. Dada hajawahi kulitamka, hata kwangu."

"Basi hilo hatuligusi, shoga yangu," Mama Mbinu alisema. "Kesho tutachomoa mengine."

Kesho yake Sindano hakwenda kazini. Homa ya matumbo ilimwangusha, akalala siku nyingi akinywa maji ya uvuguvugu na kuota ndoto zisizo na kichwa wala miguu. Mama Mbinu alipiga simu: "Pumzika. Alhamisi niachie mimi, kuna kitu nakipika."

Alhamisi jioni Sindano alijiinua, akaegemea mto, akaweka redio tumboni. Alitaka kusikia rafiki yake amepika nini. Muziki wa kufungulia ukapigwa. Kisha ikasikika injini ya gari, tairi likapasuka, na sauti ya mwanamke: "Jamani, mbele ya kiwanda cha mbao tena!"

Kwanza alidhani ni homa. Akaongeza sauti. Mtoto akalazwa juu ya mbao. Watu wakapongeza. Halafu kimya kifupi, na yule mwigizaji mkongwe, ambaye sauti yake ilijulikana mji mzima, akasema taratibu: "Pakata begi kifuani."

Sindano alimpigia Mama Mbinu. Simu iliita mpaka ikakata. Akampigia Kitinda, kwa sababu alijua kwamba kila Alhamisi kijana huyo alifungua redio karakanani kwake na kuwatangazia mafundi wenzake, "Nyamazeni, dada yangu anaongea." Kitinda naye hakupokea.

Alikuja asubuhi. Alikuwa fundi wa friji, na bado alikuwa amevaa ovaroli ya jana yenye harufu ya gesi. Sindano alimvutia kiti. Hakukaa.

"Yule mtoto wa kwenye mbao," alisema. "Ni mimi?"

"Kitinda, ni mchezo tu. Tunaokota huku na kule, tunaunga..."

"Dada. Mbao zile ni zangu. Nimekua nikichekwa nazo. Jana karakana nzima ilikuwa inafuta machozi, mimi nimeshika spana nasubiri uniambie kwamba umeazima mbao tu, hayo mengine umetunga." Alimtazama. "Kama mdomo hautaki, jibu kwa kichwa."

Sindano alikuwa na uwongo mwingi mzuri. Kazi yake ilikuwa hiyo. Akatafuta mmoja, akakuta hana. Akaitikia kwa kichwa.

Kitinda aligeukia dirisha. Mabega yake yalipanda na kushuka.

"Nani mwingine alikuwa anajua?"

"Mimi na Dada Mkubwa. Na marehemu mama."

"Na rafiki yako wa kazini. Na kila mwenye redio." Akacheka kicheko kikavu. "Mimi ndiye wa mwisho. Kweli hamkukosea kuniita Kitinda."

Akatoka bila kufunga mlango.

Jumatatu Sindano alijikokota mpaka redioni, homa bado haijamwisha. Ukumbini simu zilikuwa zinalia. Msichana wa mapokezi alimkumbatia, fundi mitambo akampigia makofi. Mama Mbinu aliruka kutoka kitini.

"Shoga! Umekonda mpaka sindano imekuwa uzi! Umesikia simu? Kuna dereva wa lori alisimama kando ya barabara akalia."

"Hukupinda," Sindano alisema.

Mama Mbinu aliurudisha mlango.

"Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nilimfanya yule msichana mtumishi wa nyumbani, ikafa. Nikaweka treni badala ya teksi, ikafa. Kila nilipopinda ilivunjika. Wewe ni mwandishi, niambie: blauzi inayolowa maziwa, unaipinda vipi?"

"Unaiacha."

"Na Alhamisi?"

"Unapiga muziki, Mama Mbinu! Unawapa watu muziki! Ulinishika mkono ukasema hatuligusi."

"Nilisema, na nilikuwa na nia hiyo." Mama Mbinu alikaa, akasugua paji la uso. Hakuwa na sura ya mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Sindano zaidi. "Lakini ulivyolisimulia... Begi, pancha, maneno ya mama yako, kila kitu mahali pake. Mtu hasimulii hivyo jambo analotaka kulificha. Nilihisi kama umenipa."

Sindano alifungua mdomo kumjibu. Mlango ukafunguka, mkuu wa vipindi akachungulia na chupa mbili za soda baridi.

"Mashujaa wangu! Saa yetu imepona. Sasa wasikilizaji wote swali lao ni moja: baba ni nani?" Akaziweka soda mezani, akaondoka akiimba.

Mama Mbinu alimtazama Sindano. Yalikuwa macho yale yale aliyoyajua miaka yote, macho ya mtu anayengoja mwenzake achomoe kikaratasi akisome.

"Hata mimi simjui," Sindano alisema kwa sauti ndogo. "Mama alikufa bila kusema."

Akauona mkono wa Mama Mbinu ukienda kwenye kalamu. Haukwenda haraka. Ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu aliyelala unavyovuta shuka. Mama Mbinu mwenyewe aliuona, akaurudisha mapajani. Lakini Sindano alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Kutoka hapo alikwenda kwa Dada Mkubwa, aliyekuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni na akikaa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya jiko. Pikipiki ya Kitinda ilikuwa imeegeshwa nje. Alibisha. Dada Mkubwa alifungua mlango kiasi cha uso, akasimama akiziba nafasi kwa mwili wake. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Nilikuwa na neno moja tu duniani la kusema kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema. "Moja. Wakati wa mazishi ya mama nilikaribia, nikaogopa. Nikasema nitangoja aoe, nitamwita tukae, nimwambie. Kila usiku nalipanga upya nitakavyoanza."

"Dada, si mimi niliyeandika. Nilikuwa kitandani, mgonjwa. Yule mwanamke amenisaliti."

"Najua. Lakini yule mimi simjui, hakuniapia kitu. Wewe nakujua."

"Nisamehe."

"Sijafika huko." Dada Mkubwa alitazama nyuma, ndani. "Sasa hivi ana maswali. Nenda, mdogo wangu. Acha nimjibu."

Mlango ulifungwa bila kishindo. Sindano alibaki kwenye ngazi. Kwa ndani alisikia sauti ya Kitinda ikiuliza, ya dada yake ikijibu, kisha muda mrefu wa sauti ya dada peke yake. Hakusikia maneno. Wapishi waliokuwa wakimenya viazi uani walianza kumwangalia, akajikaza, akaondoka.

Hakurudi redioni. Mchezo uliendelea na Mama Mbinu peke yake. Baba wa mtoto akawa mwalimu wa kwaya, watu wakausifu sana. Sindano hakusikiliza, aliambiwa na muuza duka. Alipata kazi ya kuandika matangazo ya shirika la maji: wapi mabomba yatafungwa, saa ngapi yatafunguliwa. Mama Mbinu alimtumia ujumbe mara kwa mara, mwanzoni mrefu, baadaye salamu tu. Hakujibu hata mmoja. Lakini mara nyingine, akiona mtu wa ajabu barabarani, aligeuka kumwonyesha mwenzake, akakuta hakuna mtu.

Miezi ilipita. Jumapili moja akifua, simu ikaita, akaona ni Kitinda. Alifuta povu mikononi haraka haraka.

Tangu utoto hawakuwahi kuamkiana rasmi, walikuwa wa kutaniana tu, "we ubao", "we sindano". Sasa upande wa pili sauti ya mtu mzima, yenye adabu, ilisema:

"Shikamoo, Mama Mdogo."

Alisimama na simu sikioni. Hakuweza kujua kama amefunguliwa mlango au amewekwa mbali. Cheo kilikuwa chake, tangu siku ile ya teksi kilikuwa chake, ila hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

"Mama anauliza kama utakuja," Kitinda alisema. "Mimi nimemwambia mimi bado sijawa tayari."