Boriti ya Rhinamain

Saa tisa alasiri, Ijumaa ya mwisho ya Januari, Dolina Munro alikuwa jikoni kwenye ukumbi wa kijiji cha Inverluie akipambana na tanipu, zile mboga za mizizi za mviringo. Tanipu za msimu huo zilikuwa ngumu ajabu, na kisu kilikuwa kimenasa katikati ya moja yao, mbele hakiendi, nyuma hakirudi. Akaipigiza mezani, tanipu na kisu vyote pamoja, mpaka ikapasuka. Viazi vilikuwa tayari vinatokota. Hagisi mbili, matumbo ya kondoo yaliyojazwa na kushonwa, kila moja ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, zilikuwa zikichemka taratibu kwenye sufuria kubwa, na Dolina alikuwa amezitoboa kwa pini zisije zikapasuka na kumwaga maini na shayiri yote, kama zilivyomfanyia mwaka mmoja mbele ya mchungaji.

Ilikuwa jioni ya Kiskoti kwa watoto. Mtu angeweza kuuliza kwa nini watu wa Skoti, wakiwa Skoti, waandae jioni ya Kiskoti, lakini Oktoba walikuwa wameandaa ya Kimeksiko, na kabla yake ya maharamia, na hakuna aliyeuliza. Michezo ilikuwa ile ile ya kila mwaka: mbio za kiazi na kijiko, kumbandika mkia hagisi wa kuchorwa ukiwa umefungwa macho, na kurusha gogo. Halafu chakula. Halafu ngoma ya wanane, ambayo watoto waliipenda kuliko vyote, na ambayo haichezeki na watu pungufu ya wanane.

Inverluie ilikuwa na watoto watano. Watatu walikuwa wa mwalimu, na wawili wa Shona, binti yake Dolina: Isla, msichana mwenye mdomo, na mdogo wake Rory. Waliosalia kukamilisha ngoma walikuwa wakitoka Rhinamain.

Rhinamain iko juu bondeni na haina nyumba hata moja. Ina kuta zinazofika magotini, na majani ya kijani kuliko yale ya pembeni, na kulungu. Watu wake walifukuzwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita ili kondoo wapate malisho, na paa zao zikatiwa moto wasije wakarudi. Watoto watatu wa huko walianza kuja ukumbini mwaka ule ule ukumbi ulipoezekwa. Mama yake Dolina aliwapikia, na sasa aliwapikia Dolina. Walikuja jua likizama, wakipangusa miguu mlangoni bila kuambiwa ingawa hawakuwa na viatu, na wakinukia moshi wa udongo wa kinamasi unaochomwa huko badala ya kuni. Mkubwa aliitwa Beathag. Wa pili aliitwa Uilleam. Wa tatu hakuwahi kusema jina lake, na kwa vile alikuwa mdogo hakuna aliyemsumbua.

Walikuja pia na boriti. Ilikuwa ya msonobari, ndefu kuliko gari, nyeusi kwa masizi, nao waliibeba begani mmoja nyuma ya mwenzake. Bonde lile halikuwa na miti, kwa hiyo boriti ya paa ilikuwa ndiyo nyumba yenyewe. Ukiwa nayo, kuta unazipata popote penye mawe. Baba yao aliichomoa kabla moto haujafika, akawaambia waishike wakati yeye anakwenda kutafuta mahali. Bado walikuwa wameishika. Ukumbini waliilaza kando ya ukuta, chini ya madirisha, na wenyeji walizoea kuiruka wakienda chooni.

Halmashauri ilipompeleka Dolina kwenye mafunzo ya usafi wa chakula, aliagizwa awaulize watoto wote kama kuna kitu kinachowadhuru wakila. Beathag alifikiri, akajibu kwamba chakula hakijawahi kumdhuru, ila kukikosa ndiko kulikomdhuru.

Mwaka huu Dolina hakuwa na furaha, na hakujaribu kujidanganya kwamba anayo. Mume wa Shona, Gavin, alikuwa mtunza kulungu wa milki. Milki ndiyo iliyokuwa na bonde lote, tangu mto hadi vilele, na wenye milki hawakuwahi kuonekana Inverluie. Vuli iliyopita milki iliamua kwamba haimhitaji tena Gavin. Nyumba yao ilikuja na kazi, nayo ikaondoka na kazi. Walipewa mpaka mwisho wa Mei, na baada ya hapo itakuwa nyumba ya wageni wa likizo, ya kukodishwa kwa wiki. Gavin alikuwa amepata kazi ya bohari Dundee, mbali kabisa, mji wa magorofa. Dolina aliwaza juu ya hilo akimenya, akiosha, akipanga viti, na kila alipomwona Isla akipita mbio na kilti yake, sketi ya Kiskoti, iliyopindishwa kiunoni, alisahau amefikia kiti cha ngapi.

Ndiyo maana alikuwa amemwalika Bwana Fairlie, msimamizi wa milki, awe mwamuzi wa michezo. Alimwekea kiti karibu na jiko la kuni. Alipanga kumkatia kipande cha kwanza cha hagisi. Ilikuwa hongo, na Dolina alijua ni hongo, na angekuwa na kitu kikubwa zaidi ya hagisi angekitoa hicho.

Bwana Fairlie alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alipoingia, watoto wa Inverluie waliendelea na makelele yao. Wale wa Rhinamain walinyamaza. Beathag akasimama wima, akapiga goti kidogo na kuinamisha kichwa, kama alivyofunzwa kumfanyia msimamizi wa milki, na akamkanyaga Uilleam mguu mpaka naye akainama. Bwana Fairlie akatabasamu, akasema watoto wana adabu nzuri. Dolina aliona, akageukia sufuria zake.

Mbio za kiazi zilimalizika kwa ugomvi. Uilleam alifika wa kwanza, na Isla akamnyooshea kidole mbele ya pua.

"Umeshikilia kiazi kwa kidole gumba. Nimekuona, mwizi wewe."

"Kidole gumba changu kimekufa siku nyingi," Uilleam akasema. "Hakihesabiwi."

"Hata kama! Ungekiweka mfukoni basi, kikapumzike."

Bwana Fairlie aliombwa atoe hukumu. Akazunguka zunguka, akasema kanuni haziko wazi juu ya hilo, na akawapa wote wawili peremende.

Kwenye kurusha gogo, watoto wa Inverluie walitumia bomba la karatasi ngumu lililotoka ndani ya zulia jipya la kanisa. Wale wa Rhinamain walitumia boriti yao. Beathag aliisimamisha kwenye viganja, akaenda nayo hatua chache, akaiinua. Ikapinduka hewani bila kugusa dari na kuanguka imenyooka kama mshale wa saa sita. Hakuna kikombe kilichotikisika. Bwana Fairlie akapiga makofi, akainama kuipapasa, akagonga kwa kifundo cha kidole.

Dolina akaona huu ndio wakati. Alimpelekea sahani yake, akasubiri ameze mara mbili, kisha akaketi kwenye kiti cha pembeni.

"Bwana Fairlie, wale wawili ni wajukuu zangu. Sina wengine. Waache wakae pale. Gavin atafanya kazi yoyote, hata ya kufagia barabara yenu."

"Bi Dolina, ingekuwa juu yangu, wangekaa." Aliweka uma chini, na alikuwa anasema kweli. "Lakini uamuzi umeshatoka huko juu. Watu wanaotaka kuja kupumzika huku ni wengi mno. Wanapenda utulivu."

"Kumetulia kwa sababu mmewaondoa watu."

"Si mimi," akasema Bwana Fairlie.

Dolina akamtazama, akaona kwamba kweli si yeye, na kwamba jambo hilo halikumsaidia mtu yeyote. Bwana Fairlie akasafisha koo. Aliuliza kama watoto wale wangekubali kuiuza boriti. Mti mzuri, wa zamani, tena una masizi ya asili. Ungependeza sana juu ya meko kwenye nyumba ya wageni. Beathag, ambaye alijua Kigaeli tu, lugha ya kale ya bonde lile, aliuliza mgeni anasema nini. Dolina hakutaka kutafsiri. Isla, aliyekuwa akijifunza Kigaeli shuleni, akatafsiri yote.

"Mwambie ni ya nyumba," Beathag akasema. "Tunangoja nyumba." Akapiga goti tena kwa heshima.

Baadaye walicheza ngoma ya wanane. Mwalimu alipiga akodioni, akakosea palepale anapokosea kila mwaka. Yule mdogo asiye na jina alishikwa mikono na Rory katikati ya duara, na wote wawili wakazungushwa mpaka wakaanguka wakicheka. Dolina alilia kidogo nyuma ya mlango wa jikoni, akajipangusa, akarudi na biskuti za siagi.

Wakati wengine wanakula biskuti, Beathag alimchukua Isla hadi kwenye boriti. Alimwonyesha jinsi ya kuipokea begani bila kuumia shingo. Alimwonyesha pa kubadilisha bega, na kwamba mdogo hukaa nyuma ili asione umbali uliobaki. Alimwambia aanze kuzoea mapema. Dolina alisikia yote. Alitaka kumvuta mjukuu wake mkono amtoe pale. Badala yake alikunja kitambaa cha kufutia vyombo mara mbili, akakiweka kwenye bega la Isla, chini ya mbao, mahali ambapo ngozi ingechubuka.

Mei ilifika. Lori lilikuja asubuhi, likajaa vitanda na masanduku. Shona alifagia nyumba mara mbili, ingawa hakuna aliyemwomba. Wakati Gavin anafunga kamba, Isla na Rory walitoka ndani wamebeba boriti ya paa la nyumba hiyo, Isla mbele, Rory nyuma. Paa lilibaki mahali pake. Boriti ilikuwa ndefu kuliko lori, lakini Gavin aliisukuma na ikaingia, akafunga mlango. Bwana Fairlie alikagua vyumba, akasema kila kitu kiko sawa, akapokea funguo na kuwatakia safari njema. Dolina alisimama barabarani akipunga mkono mpaka lori likapotea kwenye kona, na bado akaendelea kupunga kwa sababu hakujua mkono aupeleke wapi.

Januari iliyofuata alichemsha hagisi moja tu. Watoto wa Inverluie sasa walikuwa watatu, na alikuwa amewaambia wazi kwamba ngoma ya wanane haitakuwepo. Jua lilipozama alifungua mlango kama kawaida. Boriti ya kwanza ikaingia na Beathag na wenzake. Nyuma yake ikaingia ya pili. Isla alikuwa mbele na Rory nyuma, wote wawili hawana viatu, wakapangusa miguu.

Dolina akawasaidia kuilaza boriti kando ya ukuta. Kisha akaenda jikoni kumpigia simu Shona. Shona akasema watoto wako mbele yake hapo hapo Dundee, wanakula samaki wa kukaanga na kubishana kuhusu rimoti. Ni boriti yao tu, inayolazwa barazani, ndiyo haionekani. Dolina akamwambia asijali, iko ukumbini. Akakata simu, akaongeza viazi.

Isla alikuwa amerefuka. Alikula sahani mbili, kama mtu aliyetoka mbali, kisha akamwinamia bibi yake.

"Bibi, tukimaliza, naweza kupita nyumbani?"

"Nyumbani kuna wageni, mpenzi."

Isla alifikiri. "Wanakaa mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi. Halafu wanakuja wengine."

Isla akaitikia kwa kichwa. Akamfuta Rory mdomo kwa kiganja, akamshika mkono, wakaenda kusimama kwenye duara, kwa sababu akodioni ilikuwa imeshaanza na wenzao sita walikuwa wanawasubiri.