Lori Namba Kumi na Saba

"Mama yangu we!" Kerryn alipiga ukelele mpaka kofia ngumu ikamdondoka.

Lori namba kumi na saba, lori lake mwenyewe aliloliendesha miaka tisa katika machimbo ya chuma ya Pilbara, lilikuwa linapanda kutoka shimoni na tani zake mia mbili za mawe, na kwenye kiti cha dereva hakuna mtu. Usukani unajizungusha! Lilipunguza mwendo, likageuka kwa adabu, likamwaga mzigo, likaenda zake. Hata yeye hakuwahi kugeuka vizuri hivyo.

Mchana madereva wakaitwa kantini, wakaambiwa kavukavu. Kufikia Krismasi malori yote yatajiendesha. Madereva watalipwa mafao yao waende. Anayetaka kubaki, ziko nafasi nane za kujifunza ufundi umeme, miaka minne, kwa theluthi ya mshahara wa sasa. Fomu zirudi kabla ya saa kumi na moja jioni.

Theluthi! Lo, na Kerryn huyu ndiye aliyetamba kambi nzima! Nyumba kando ya mfereji kule Mandurah, pikapu mpya kila baada ya miaka miwili, karavani, boti, na pikipiki za majini mbili, moja ya mumewe Darren na moja ya kutazamwa. Zote za mkopo. Kila alipomaliza wiki zake mbili kambini, ndege ilimrudisha nyumbani na mshahara, na mshahara haukumaliza siku tatu.

Akaenda moja kwa moja karakana. Merepeka, yule mwanamke Mmaori waliyeanza naye udereva, alikuwa juu ya ngazi akifunga kamera kwenye lori jingine.

"Kumbe ni wewe unayeyatia macho haya madude!" Kerryn alifoka. "Umeniua, shoga!"

"Nilikwambia miaka mitatu iliyopita tuache udereva wote, tukajifunze umeme. Ulinijibu nini?"

Kerryn alikumbuka, akaona haya. Alikuwa amemcheka mbele za watu: mwanamke wa miaka thelathini na minane anaacha mshahara mnono akajifunze kushika bisibisi pamoja na watoto. Na kile kigari chake cha zamani ndiyo kabisa, walikiita jeneza. Merepeka alicheka nao, akasema jeneza hilo halidaiwi hata senti.

"Wewe uliweza," Kerryn alisema, sauti imeshuka. "Mimi kwa theluthi siwezi kuishi."

"Unaweza sana. Madeni yako ndiyo hayawezi." Merepeka alishuka, akatoa fomu mfukoni. "Nimekuchukulia hii kabla hazijaisha. Mkuu wa mafundi kaniuliza nani ana kichwa, nikakutaja. Uza vile vidude, bibi wee, anza na boti. Una saa moja na nusu."

Kerryn alitoka nje kwenye jua kali, akapiga simu.

"Darren, sikiliza. Tunauza boti."

Mumewe akacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

"Nani kakwambia? Ah, mpenzi, nilitaka ukifika Jumamosi uikute!"

"Niikute nini?"

"Ile ya zamani wauzaji wameichukua leo asubuhi, nikaongezea kidogo tu. Mpya ni kubwa mara mbili! Jina lako limeandikwa ubavuni."

"Umeongezea ngapi?"

"Dola elfu themanini na tano. Ya mkopo, usijali."

Kerryn aliketi chini, pale pale kwenye vumbi jekundu. Nyuma yake namba kumi na saba lilipita tena, tupu, halina mke wala mume wa kulishangaza.

"Rudisha."

"Haiwezekani, nimeshasaini. Kerryn? Mbona hufurahi?"

Akamweleza yote, lori, kantini, theluthi. Darren alikuwa akisema "Mungu wangu" tu, mara tatu, mara nne, na safari hii hakucheka.

"Sasa tutafanyaje?" aliuliza.

Kerryn aliilaza fomu juu ya goti, akaomba kalamu kwa Merepeka aliyesimama mlangoni.

"Wewe umesaini, na mimi nasaini," alisema, akiandika jina lake polepole. "Hiyo boti ina vitanda?"

"Viwili. Kwa nini?"

"Vinatutosha. Nyumba tunauza."