Pindo la Mbele

Binadamu anaweza kusinzia akiwa amesimama. Mimi ni shahidi. Nimesinzia nimeegemea meza ya kukatia nguo, chaki mkononi, macho wazi kabisa, na mtu akiniuliza jambo namjibu. Tatizo lilikuwa majibu yenyewe. Asubuhi moja dada wa pasi aliniuliza kama kola ziko tayari, nikamwambia ziko jikoni, nimezifunika.

Alicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda chooni kulia kidogo. Mimba ndivyo ilivyonifanya. Kichefuchefu sikukipata sana, namshukuru Mungu, lakini uchovu ulinishukia tangu mwanzo ukakataa kuondoka. Niliamka nimechoka. Nilipiga mswaki nimechoka. Nikifika kazini, kabla sijashika mkasi, nilishaanza kutafuta mahali pa kuegemea, na siku nzima ya kusimama ilikuwa bado iko mbele yangu.

Na kazini sikumwambia mtu.

Karakana yetu inashona sare: za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi. Cherehani zimepangwa safu mbili, pasi ziko dirishani, fundi wa vifungo anakaa karibu na mlango ili aone kila anayeingia na kumsema akishapita. Mbele kabisa iko meza ya kukatia, ndefu kiasi cha kulaza familia nzima na wageni wao. Meza hiyo ni yangu. Ndiyo maana wananiita Mkasi, ingawa mume wangu anadai jina hilo limetokana na ulimi. Fundi wa cherehani akikosea hufumua akashona upya. Mkataji akikosea, kitambaa kimekwenda. Kwa hiyo mezani hawekwi mtu yeyote tu, na mimi nilikaa kwenye cherehani miaka mingi nikiitamani meza ile kabla sijaipata.

Nilichoogopa kilikuwa hicho, kuipoteza.

Kabla yangu mkataji alikuwa mama mmoja mwenye mkono mwepesi, anayekata kitambaa bila kelele. Alipokwenda kujifungua, mwenye karakana aliniita akasema nishike meza kwa muda. Nikashika. Yule mama hakurudi, mimi nikabaki, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Sikuuliza, maana nilikuwa na furaha zangu. Sasa zamu ilikuwa imenifikia mimi, na niliona wazi mambo yatakavyokwenda: nitapelekwa kona ya kukata nyuzi ili “upumzike kidogo, mwanangu,” na meza itapata mwenyewe mwingine.

Mwenye karakana tunamwita Pini, lakini akiwa mbali. Akiwa karibu ni Mama. Kutwa nzima amebana pini midomoni, anazungumza kwa pembe ya mdomo, na wote tumezoea kumwelewa. Akizitoa na kuzichomeka kwenye kijimto alichojifunga mkononi, ujue yamekuwa makubwa.

“Mwambie,” mume wangu alikuwa akisema kila jioni huku ananikanda miguu. Yeye ni fundi bomba, na hukanda mguu kana kwamba anafungua koki iliyoshika kutu.

“Nimwambie nini?”

“Kwamba una mimba.”

“Akinitoa mezani?”

“Siku tumbo litakapogonga meza atajua mwenyewe. Au utalificha kwenye droo?”

Nilimwambia afunge mdomo akande. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu yeye alikuwa amekaa.

Basi nikajikaza kisabuni. Nilijishonea gauni la kuficha: pana, lenye marinda kuanzia kifuani, rangi ya buluu iliyokolea isiyoonyesha kitu. Nililishona vizuri kuliko nguo zote nilizowahi kujishonea. Tumbo likichomoza, gauni hupanda mbele na kubaki refu nyuma, kila fundi anajua hilo, kwa hiyo mbele niliongeza kitambaa kidogo ili pindo likae sawa pande zote. Nilijitazama kwenye kioo ubavuubavu nikaridhika. Nilikwenda kazini nikijiona nimeupiga chenga ulimwengu mzima.

Siku hizohizo ndipo watu wa karakana walipoanza visa.

Nikifika asubuhi, nilikuta jora la kitambaa limeshapandishwa mezani. Zamani nilibeba mwenyewe, na hakuna aliyewahi kunipa hata pole. Sasa nikiuliza nani kaliweka, kila mtu anatazama cherehani yake. Nikiangusha chaki, kabla sijainama, dada wa pasi keshaiokota. Akaanza kuja kusimama pembeni ya meza yangu, eti ananyoosha miguu. Akaniuliza kwa nini violezo vya mikono navitundika mbali na vya migongo. Akaniuliza mkasi naunoa wapi.

Nikasema moyoni, huyu ananipimia kaburi. Wameshanusa kwamba nimechoka, na huyu binti wa pasi anajiandaa kukalia kiti changu hata sijatoka. Nikamwambia pale meza ilipo pana mtu, arudi kwenye pasi zake kabla hajaunguza shati la watu. Alirudi bila kujibu. Usiku ule roho iliniuma kidogo, lakini si sana.

Kisha ikaja oda ya hospitali.

Ilikuwa sare za wauguzi, kitambaa kizito chenye uso na mgongo: upande mmoja unang’aa kidogo, wa pili umefifia, huwezi kuugeuza ukadhani hakuna atakayegundua. Kazi kama hiyo huwa naifanya huku naimba. Kiolezo cha mkono ni kipande cha boksi gumu. Unakilaza juu ya kitambaa, unachora kwa chaki, huo ni mkono wa kushoto. Unakigeuza kama unavyogeuza chapati, unachora tena, huo ni wa kulia. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anafundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Siku hiyo nilikuwa nimechoka mpaka masikio yalikuwa yanavuma. Nakumbuka nikichora. Nakumbuka nikiwaza kwamba upande ule wa meza kuna baridi nzuri, nikalaza kiganja. Nakumbuka mashine ya kukata ikipita kwenye matabaka ya kitambaa, safi, hakuna hata uzi uliovutika. Nilifunga mafungu nikayagawa kwenye cherehani, nikajiona nimeshinda siku.

Baada ya muda fundi mmoja wa safu ya mbele alisimamisha cherehani yake. Akageuza kipande, akakigeuza tena, akanitazama.

“Mkasi,” alisema taratibu, “huyu muuguzi ana mikono miwili ya kushoto.”

Watu walicheka. Kisha fundi wa pili akasema wa kwake pia. Kicheko kikafa.

Nilikwenda kutazama, nikaona. Fungu baada ya fungu, kushoto tupu. Sikuwa nimekigeuza kiolezo hata kidogo. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilijua nimemwaga unga. Hata siku ya kukata nyuzi kwenye kona nisingeifikia.

Pini alikuja, akashika mkono mmoja wa kitambaa, akashika wa pili. Akatoa pini mdomoni. Moja, nyingine, nyingine tena, akazichomeka zote kwenye kijimto.

“Njoo,” akasema.

Tuliingia kwenye chumba cha kupimia wateja, ambacho ni chumba kwa heshima tu: ni pazia, kioo na kigoda. Alikaa juu ya boksi la zipu akanipa mimi kigoda. Nyuma ya pazia cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Hakuna aliyekuwa anajisumbua hata kujifanya anafanya kazi.

“Kitambaa kile umeniua nacho,” Pini alisema. “Nataka ujue hivyo. Sitakubembeleza.”

“Najua, Mama.”

“Umelala?”

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kuhusu mwanga wa dirishani. Badala yake nikaanza kulia, si kile kilio cha chooni, kilio chenyewe chenye makamasi, na maneno yakatoka yote kwa pamoja.

“Mama, nina mimba. Nimechoka. Nimechoka sana. Usinitoe mezani.”

Pini alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua limechomoza.

“Najua una mimba,” akasema.

“Umejua lini?”

“Siku ile uliyokuja na hilo gauni. Mwanangu, pindo la mbele umelirefusha. Kati ya nguo zote duniani, pindo la mbele hurefushwa kwa ajili ya nini kingine?”

Nilitazama chini kwenye pindo langu, lililokaa sawa pande zote, la kujivunia kabisa. Nilikuwa nimeleta tumbo lile, ndani ya gauni lile, kila siku, mbele ya watu wanaokula kwa kupima miili ya wenzao kwa macho.

“Mimi nilijua mapema zaidi!” Sauti ya fundi wa vifungo ilipenya pazia. “Nilijua alipoanza kulamba chaki!”

“Mzee, wewe rudi kwenye vifungo,” Pini alisema bila kugeuka.

“Sasa kwa nini hamkusema?” niliuliza, na hapo nilikuwa nimeanza kukasirika, dalili kwamba nilikuwa napata nafuu.

“Niseme nini? Tumbo ni la mwenyewe. Naweza kumtangazia mtu tumbo lake? Na kama ungekuwa umenenepa tu, ungenisamehe wewe, kwa ulimi huo?” Alishusha pumzi. “Tukangoja useme. Nikawaambia wakubebee majora kimyakimya. Dada wa pasi nikamwambia awe karibu yako, ukianguka akudake.”

Nilifunga macho. Nilimkumbuka yule binti akirudi kwenye pasi zake bila kujibu.

“Nilidhani anataka meza,” nikasema.

“Siitaki!” Dada wa pasi naye alikuwa nyuma ya pazia, karibu kuliko fundi wa vifungo. “Dada, ile mashine ya kukata inanitetemesha hata ikiwa imezimwa!”

Mafundi walicheka, na mimi nikacheka na makamasi yangu. Lakini nilikuwa bado sijaambiwa nilichotaka kuambiwa, na Pini aliliona hilo.

“Yule mkataji wa kwanza,” nikasema, “hakurudi.”

“Alikataa kurudi. Meza yake nilimwekea. Nilikwenda kwake nikambembeleza mpaka nikajionea aibu. Alikuwa amefungua duka lake sebuleni, mtoto mgongoni, wateja mlangoni. Akanicheka, akanipa chai. Wewe ulidhani nilimfukuza?”

Miezi yote ile nilikuwa nimeishi roho mkononi kwa ajili ya jambo ambalo ningeliuliza kwa sentensi moja.

“Sikiliza,” Pini alisema. “Mikono ya kushoto tutaiweka. Hospitali haiachi kuajiri wauguzi, oda ijayo utakata ya kulia peke yake. Leo nitaagiza kitambaa kingine, na nitakasirika mpaka kesho, uniache nikasirike.”

“Oda ijayo atakata nani?”

“Wewe, kama hujajifungua. Ukiwa umejifungua, huyu binti anayetetemeka, kwa kufuata violezo vyako. Akiharibu, nitakuja kwako kukulalamikia kila siku mpaka mtoto mwenyewe aniambie mama yake anarudi kazini. Meza ina mtu. Mtu huyo anatumia kigoda kuanzia leo, kirefu, na mchana baada ya kula analala. Sitaki tena mtu anayekata nguo zangu ndotoni.”

Kitu kilichokuwa kimefungwa mgongoni mwangu kikafunguka. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimelibana tumbo ndani kwa muda mrefu mno, nikiwa kazini, nikiwa njiani, hata nikiwa kwenye kiti cha nyumbani kwa mazoea. Nikaliachia. Lilikuja mbele likakaa mapajani, kubwa kuliko nilivyofikiri, na Pini akalitazama akatikisa kichwa.

“Eti umelificha,” akasema, akaanza kurudisha pini mdomoni.

Nje ya pazia nilimtafuta dada wa pasi nikamwomba radhi mbele ya watu. Aliniambia nisijali, ila zile kola za jikoni bado anazingoja. Akanishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye chumba cha stoo, ambako walikuwa wameshalaza majora ya flaneli ubavuubavu na kuyafunika kwa shuka. Haikuwa kazi ya dakika ile. Kitanda kile kilikuwa kimeandaliwa muda mrefu.

Nililala ubavu. Flaneli ni kitambaa cha kushukuriwa. Mwili wote uliniambia ahsante, kuanzia visigino. Nikafumba macho.

Kimya.

Nikangoja. Kimya kikazidi. Hakuna cherehani iliyolia, hakuna pasi iliyotoa mvuke, hata redio ya fundi wa vifungo ilikuwa imezimwa. Nilikuwa sijawahi kusikia karakana ile ikiwa hivyo, na usingizi wote ulinikimbia. Nikafungua jicho moja. Mlangoni walikuwa wamesongamana, cherehani wameziacha, wananitazama kana kwamba nitataga.

“Nani kafa?” niliuliza.

“Tumezima ili ulale,” alinong’ona dada wa pasi.

“Nani kawaambia naweza kulala bila kelele zenu? Shoneni! Oda ya hospitali itajishona yenyewe?”

Walisitasita. Wakageuka kumtazama Pini, aliyekuwa amesimama nyuma yao.

“Mnanitazamia nini?” alisema kwa pembe ya mdomo. “Mmemsikia mkataji wenu.”

Wakatawanyika. Cherehani ya kwanza ikaanza, ikafuata ya pili, kisha safu zote mbili, mpaka majora niliyolalia yakawa yanatetemeka chini yangu. Mtoto akageuka tumboni. Fundi wa vifungo alikuwa anasema jambo juu yangu, nilisikia watu wakicheka, na usingizi ulinichukua kabla sijajua la kumjibu.