Vidole Viwili vya Mama Mkwe

Mbwa Utambi alikata kona ya duka la dawa bila mkanda shingoni. Nyuma yake akaja mama mkwe na kandambili ya mguu mmoja, kamba mkononi, na mwishoni mwa kamba ule mkanda mtupu ukiburuzika kwenye lami.

"Mshikeni jamani! Haumi! Anakimbia tu!"

Mshona mikoba, mkwe wake, aliyaona yote kupitia dirisha la chumba cha mbele, alichokigeuza karakana yake. Aliacha cherehani, akambeba binti yake kiunoni, akatoka mbio. Lakini kumfukuza mbwa wa mbio ni kujichosha bure. Utambi alizaliwa kwa kazi hiyo: miguu mirefu, tumbo lililoingia ndani, kifua kama beseni, na kichwa chembamba ambacho ungedhani kilichongwa kwa kisu. Aliposhiba mbio zake mwenyewe alikutwa mtaa wa pili, amejilaza chali kwenye kochi lililopangwa mbele ya duka la samani, hana hili wala lile.

Waliporudi naye, mwenye nyumba alikuwa getini, ameshika kiuno.

"Mtu wa pikipiki nusura aingie ukutani akimkwepa huyo," alisema. "Mimi sina ugomvi na mbwa. Ila sitaki maiti mlangoni kwangu, iwe ya mbwa au ya mtu. Nikimwona tena mtaani bila kamba, atafutiwe kwingine pa kulala."

"Amekusikia, baba," mama mkwe alijibu huku akihema.

"Nataka ninyi ndio mnisikie."

Ndani, mama mkwe aliketi kwenye ukingo wa kiti na kumvuta Utambi katikati ya magoti yake. Alikuwa mfagiaji wa mabanda kwenye uwanja wa mbio za mbwa mpaka alipostaafu, na siku aliyoondoka alitoka na chupa yake ya chai na mbwa huyu, ambaye jeraha la mguu wa nyuma lilikuwa limemkatisha kazi ya mbio. Tangu hapo walikuwa wakiamshana asubuhi. Magoti yaliyogoma kupanda ngazi yalianza kutii, maana mbwa hakubali visingizio. Mshona mikoba alikuwa ameliona hilo, wala hakuambiwa na mtu. Ndiyo maana mkanda ule aliushona kwa mkono, akachagua ngozi laini kuliko zote alizokuwa nazo, na uzi mwekundu wa kupendezesha.

"Nilikuagiza vidole viwili," mama mkwe alisema.

"Na mimi nimekata vidole viwili, Mama." Aliulaza mkanda mezani, akaweka juu yake kidole cha shahada na cha kati. Vilienea sawasawa, ukingo kwa ukingo.

Mama mkwe aliutazama mkono ule. "Basi vidole vyako vina njaa, mwanangu. Ona vyangu." Akavitandaza: vinene, viungo vimejaa kwa miaka ya kukamua matambara. "Ungepimia hivi."

"Ningepimia hivyo ningeshona blanketi."

Wote wawili walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kwenye koo la Utambi, mahali ambapo manyoya ni haba na ngozi ni nyembamba kama ya kope, palikuwa na mstari mwekundu. Mkanda mwembamba ulikuwa umemkata alipojivuta. Mshona mikoba alipitisha kidole hapo. Mkanda ulikuwa umemkata, na bado ulimponyoka. Kasoro mbili kwa mpigo, na zote zimetoka mikononi mwake.

"Nitashona mwingine," alisema. "Kwa vidole vyako. Vinne."

"Sasa unaongea."

Mkanda wa pili ulikuwa mpana kama kiganja, umewekwa sponji na bitana ndani. Utambi alipovishwa alisimama wima kama mtu aliyeamka na shingo iliyolala vibaya. Alikwenda kwenye bakuli la maji, akashusha shingo, ukingo wa mkanda ukamkwama taya. Akashusha tena. Kisha akageuka kuwatazama, macho yote yamejaa lawama.

"Bibi, Utambi amevaa bomba," alisema binti wa mshona mikoba. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kuongea kabla ya kutembea na hajanyamaza tangu siku hiyo. Alimhurumia mbwa, akamnyanyulia bakuli mpaka mdomoni, nusu ya maji ikaishia kwenye gauni lake.

"Atazoea," mama mkwe alisema, bila kujiamini sana.

Walimtoa uani kumjaribu, geti likiwa limefungwa. Paka wa jirani alikuwa amekaa juu ya ukuta akijiramba. Utambi alimwona, akaruka, kamba ikamzuia. Hapo akafanya ujanja wake: akarudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, masikio yakalala. Mkanda wote, na upana wake, na bitana yake, ukapita juu ya kichwa kile kama kofia inayovuliwa kwa heshima.

"Mpana hivi na bado umetoka!" mama mkwe alishika kichwa.

Kutoka kwenye roshani mwenye nyumba alikohoa. "Nimeona. Ila hapo ni ndani ya geti. Hiyo siihesabu."

Mama mkwe alimfunga Utambi kwa kanga yake, akaingia naye ndani, akaenda kuketi akitazama ukuta. Jioni alisema, kama anayeongea na chai yake, kwamba kuna binamu yake ana shamba lenye uzio. Mshona mikoba alijifanya hakusikia. Alikuwa anamvisha Chiriku sweta, maana gauni lilikuwa limelowa.

"Mama, kichwa kimekwama!"

"Tulia, nakivuta."

"Masikio yangu!"

"Kichwa chako ni kikubwa kwa sababu kina maneno mengi." Alivuta, kichwa kikatokeza chekundu na kucheka, na shingo ya sweta ikabaki imelegea, inacheza. Mshona mikoba akabaki ameshika sweta kwa mikono miwili. Nguo za watu zote hushonwa hivyo: kichwa kinapita kwanza, shingo inafuata, na tundu linakatwa kwa kufuata kichwa. Alitazama chini ya meza, alikolala Utambi. Huyu ameumbwa kinyume. Shingo yake ni nene kuliko kichwa. Mkanda ukimkaa vizuri chini ya shingo, kichwa kitautoka tu, uwe mwembamba au mpana.

"Mama," aliita. "Kule uwanjani mkanda ulikuwa unakaa wapi? Nionyeshe."

"Si nilikwambia? Vidole viwili."

"Nionyeshe kwa mkono."

Mama mkwe alinyanyuka kwa shida kidogo, akachukua mkanda wa kwanza, ule mwembamba, akaupandisha juu kabisa, nyuma ya masikio, pale shingo inapokuwa nyembamba kuliko kwingine. Akaubana. Kisha akachomeka vidole vyake viwili kati ya ngozi ya mkanda na ngozi ya mbwa. "Hivi. Vikiingia vitatu, amelegea. Kikiingia kimoja, unamkaba. Mkufunzi alikuwa akitupigia kelele kila asubuhi: vidole viwili, vidole viwili!"

"Ndani!"

"Ndani ya nini?"

"Vidole vinaingia ndani! Mimi nilidhani ni upana!"

Mama mkwe alitoa vidole, akavitazama kama vimemsaliti. "Upana nani alikuuliza? Nilijua wewe fundi, upana unaujua."

"Mimi fundi wa mikoba! Umeshaona mkoba una koo?"

Safari hii walicheka mpaka Chiriku akaja kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akasema yeye alijua. Walipotulia, mshona mikoba alichukua vipande vya bitana, akavikata kwa mapana tofauti, akaanza kumfunga Utambi kimoja kimoja hapo juu nyuma ya masikio, na kila mara akamwekea bakuli la maji. Kipande chembamba kilikunjika kikawa kamba, kikazama kooni. Kipana sana kilimgota taya. Kile cha vidole vitatu vya mshona mikoba mwenyewe, vyenye njaa, kilitulia: Utambi aliinama, akanywa, akapiga chafya, akaenda kulala nacho.

"Vitatu vyako ni viwili vyangu," mama mkwe alisema akipimia.

"Karibu."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi, Mama. Kwa bahati tu."

Mkanda wa tatu aliukata hivyo: mpana mbele, penye koo, ili mvuto usambae usikate, kisha ukipungua taratibu kuelekea kwenye bizimu, kile chuma cha kufungia. Matundu aliyatoboa karibu karibu, ili usikosekane mkazo unaofaa. Uzi aliuacha ule ule mwekundu.

Asubuhi walisimama getini. Mama mkwe aliuvalisha juu, akachomeka vidole viwili, akavitoa. Akavichomeka tena.

"Tukimwacha uani leo tu?" mshona mikoba aliuliza. Sasa ilikuwa zamu yake kuogopa.

"Na kesho? Nitamfungia ndani mpaka lini? Fungua."

Alifungua. Mwenye nyumba alikuwa nje anaosha gari, akaacha sponji lidondoshe maji. Hawakufika mbali. Paka yule yule alichomoka chini ya gari. Utambi aliruka, koo likagota kwenye upana wa ngozi, na hakukohoa. Kisha akaanza ujanja wake: hatua nyuma, kichwa chini, masikio yakakunjika mbele. Mshona mikoba alifumba macho. Alisikia kucha zikikwaruza lami, zikakwaruza tena, kisha kimya.

Alipofumbua, Utambi alikuwa amekaa kitako, mkanda nyuma ya masikio, uso wa mtu aliyedhulumiwa mchana kweupe. Paka alikuwa ameshakwenda zake.

"Huo ni mkanda au tai?" mwenye nyumba aliuliza.

"Ni vidole vitatu, baba."

"Vya nani?"

"Vya mkwe wangu," mama mkwe alisema, na akaanza kutembea bila kumsubiri ajibu.

Mwenye nyumba aliinua mabega, akarudi kwenye gari lake. Mshona mikoba alibaki getini, Chiriku amemshika sketi, akiwasindikiza kwa macho. Mbwa alitembea ubavuni mwa bibi, polepole, kwa mwendo wa magoti yale. Walipita duka la dawa. Walipita kona. Kamba ilikaza mara moja tu, walipokaribia duka la samani, na hata kwa mbali ilionekana wazi kwamba mama mkwe anabishana na Utambi kuhusu kochi.