Kiti Kilichogeuzwa

Mjukuu wangu ni mwigizaji wa tamthilia ya televisheni. Wiki tatu hakukanyaga kazini, alilala tu kajifunika gubigubi. Mwongozaji wao akapiga simu: asiporudi Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine. Kwa mshauri nasaha alikuwa ameshakwenda mara tatu, mimi nikimsubiri nje kwenye benchi. Safari hii akaniomba niingie naye.

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo. Aliniona ninavyotembea, akanisogezea kiti chenye mto bila kuniuliza habari za mgongo. Nikampenda palepale.

Mjukuu wangu akaanza. "Kila nikijitazama kwenye kioo..." Akanyamaza kidogo. "Namwona mtu aliyeazima sura." Chozi moja likamshuka shavu la kushoto.

 Maneno hayo niliyasikia asubuhi kupitia mlango wa bafuni, nikimpigia pasi gauni. Hata asubuhi alinyamaza vilevile baada ya neno kioo. Nilidhani anajifunza kazi yake.

Nikakohoa.

"Una neno, Bibi?" mshauri akauliza.

"Sina, mwanangu."

"Analo," mjukuu wangu akasema. "Akikohoa hivyo analo. Sema tu, Bibi."

"Hayo uliyasema asubuhi bafuni. Mara mbili. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi."

Akainamisha kichwa. Nikatamani niyameze maneno yangu.

Mshauri hakumsuta. "Huwa unajiandaa kila ukija hapa?"

"Kila mara. Nisije nikakuchosha. Una watu wenye shida za kweli."

Mshauri akafunga daftari, akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta. "Sasa sikuoni. Bibi, na wewe tazama dirishani. Hata usiposema kitu mpaka muda uishe, sawa tu."

Nikatazama dirishani. Ng'ambo ya pili mtu alianua shuka, kisha foronya, kisha soksi, moja moja. Alimaliza kamba nzima kabla sijasikia kitu.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, siyo ile ya kwenye televisheni.

"Nilisahau maneno yangu mbele ya kamera. Wakacheka kidogo, wakaendelea na kazi. Mimi bado nimesimama palepale. Nikikosea tena, watajua sina kitu."

"Endelea," mshauri akauambia ukuta.

"Ni hayo tu. Ni madogo, eti?"

"Si madogo."

Nikamsikia mjukuu wangu akilia, kilio cha kamasi na kwikwi. Baadaye niliona mkono wa gauni nililolipiga pasi umelowa chapachapa.

Tulipotoka akanishika mkono kwenye ngazi. "Bibi, leo nilikuwaje?"

"Sikuona, mama. Nilikuwa natazama dirishani."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. Tukashuka ngazi tatu, nne.

"Jumatatu nitakwenda," akasema. "Lakini naogopa, Bibi. Naogopa sana."

Hakugeuka kunitazama. Nikamkaza mkono, tukashuka polepole, kwa mwendo wa mgongo wangu.