Ng'ombe wa Abeli

Yunisi alipomzika mumewe, shemeji yake Abeli aliswaga ng'ombe wake hadi shambani mwa mjane huyo, hapo Kongwa, akauambia ukoo: “Mjane wa darasa la saba huyu! Siku akinieleza neno la Kiingereza ‘widow’, nitawatoa ng'ombe wangu.” Ukoo mzima ukacheka. Yunisi akasali, akaazima kamusi kubwa kwa mwalimu wa kanisa, akangoja kikao cha ukoo cha mavuno.

“Shemeji,” alisema akisimama, “ni W, I, D, O, W. Ni mwanamke aliyefiwa na mumewe. Asili yake, huko kale, ni kutenganishwa, kubaki mtupu. Kitabu hakisemi shamba lake ni la shemeji.”

“Abeli, uliahidi mbele yetu,” wazee wakasema.

Abeli akachukua fimbo, akaenda kuwatoa ng'ombe. Yunisi alimfuata, akasimama kivulini kumtazama akihangaika na ndama mkaidi, wala hakumsaidia.